Suruali Nyeusi za Lastiki

Haya ninayokwambia hutayaamini. Hata mimi nilipoyasikia nilisema weee, toka hapa, mtu mzima na akili zake hawezi kujifungia chooni, amsikie mkewe analia nje ya mlango, na asifungue. Anaweza! Tena mwenyewe si mlevi wala si kichaa. Ni fundi cherehani mpole, mtu ambaye akikukatia nguo hapotezi hata inchi moja ya kitambaa chako. Sogea hapa nikupe yote.

Watu wanamwita Baba Pacha, kwa sababu mkewe alimzalia watoto wawili kwa mpigo. Mkewe basi ni Mama Pacha, na Mama Pacha ni dereva. Si wa teksi, la. Anaendesha boza, lile gari kubwa la tangi linalopeleka maji kwenye majengo yanayojengwa. Lita elfu kumi mgongoni, na yeye pale juu kwenye usukani, kadogo kama pini.

Baba Pacha hakuipenda kazi ile tangu siku ya kwanza.

"Sikiliza mke wangu," alimwambia. "Siku kazi hiyo ikikuletea ugonjwa, hata mafua, unarudisha funguo za watu unakaa nyumbani. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," Mama Pacha akasema huku anacheka. Alikuwa anajifunga kamba za viatu, hata hakuinua uso.

Ukitaka ukweli, Baba Pacha hakuwa anaogopa ugonjwa. Alikuwa anaogopa wanaume. Mkewe ana mwanya, ana kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, na huko barabarani kuna wanaume tele wenye masikio. Lakini mwanamume gani atakwambia naona wivu? Atakwambia mafua.

Sasa, mambo yalianza na suruali.

Siku moja Mama Pacha alirudi kazini, akamkuta mumewe kwenye cherehani pale sebuleni, akamtupia kitambaa. "Nishonee suruali tatu. Nyeusi tii. Zipu usiweke, vifungo usiweke, mkanda sitaki. Lastiki tu."

"Lastiki? Kama za watoto wa chekechea?"

"Zipu inanichelewesha."

"Inakuchelewesha kufanya nini?"

"Baba Pacha, shona."

Akashona. Lakini nakwambia, kila sindano iliposhuka na yeye moyo wake ulikuwa unatobolewa. Mimi ni fundi, akawa anajisemea, watu wataongopa, nguo haiongopi. Mwanamke hataki zipu, hataki kifungo, hataki mkanda. Anataka suruali ya kushuka kwa mkupuo mmoja. Ya nini? Na kwa nini nyeusi, yeye aliyekuwa anavaa kaki miaka yote? Nani huko kamwambia nyeusi inampendeza?

Na mtu akishaanza kuhesabu, haishiwi vya kuhesabu. Chai ya asubuhi Mama Pacha ameacha. Zamani walikuwa wanakunywa pamoja, kikombe kimoja wanapokezana, sasa anasema hana hamu. Akirudi jioni hasalimii mtu, moja kwa moja bafuni, na ile suruali anaifua mwenyewe palepale. Kitandani amegeukia ukuta. Baba Pacha akimgusa bega tu anasikia, "Nimechoka, mume wangu." Halafu usiku anaamka mara tatu, mara nne, anachukua simu, anatoka nje. Baba Pacha aliikagua ile simu. Hakuna namba yoyote iliyopigwa usiku. Mwenye akili angesema, basi hapigi. Baba Pacha akasema, kumbe anafuta!

Kisha akakuta vidonge. Vimesokomezwa ndani ya soksi, chini kabisa ya mkoba. Maandishi yamefutika nusu. Akavipiga picha, akavikuza, akavitazama mpaka macho yakamuuma. Moyo wake ukamjibu: vya kuzuia mimba. Mimba ya nani, wakati wewe hujaguswa huu mwezi wa pili?

Hapo ndipo dada yake akaja kukunjiwa pindo la gauni. Dada yake ana mdomo, Mungu amsaidie.

"Kaka, mimi sisemi kitu," akaanza. Na mtu akianza hivyo, ujue umekwisha. "Ila lile boza la wifi naliona sana pale kilimani kwa Kifua."

"Kifua ndiye nani?"

"Hee! Humjui Kifua? Fundi wa pancha. Ana kifua kama kabati la nguo, tairi la lori analibeba kama sahani. Kila saa nne asubuhi boza lipo pale. Saa nane mchana lipo. Nikasema labda wifi yangu ana bahati mbaya, kila siku anakanyaga msumari."

"Atakuwa anajaza upepo."

"Ndiyo, kaka. Anajazwa upepo." Akacheka peke yake. "Usinikunjie sana bwana, magoti yataonekana."

Dada mtu alipotoka tu, Baba Pacha akashika simu. Yeye na mkewe walikuwa wameunganisha simu zao ili kila mmoja aone mwenzake yuko wapi, tangu siku boza lilipoharibika porini. Hakuwa na mazoea ya kufungua. Siku ile alifungua, akaacha cherehani, akaacha na chakula. Kesho yake saa nne kamili kile kidoa cha bluu ambacho ni mkewe kikapanda kilima, kikasimama. Dakika moja. Tano. Kumi. Dakika ya kumi na mbili kikaondoka. Saa nane vilevile. Keshokutwa vilevile.

Dakika kumi na mbili! Akakaa kwenye kiti chake anazipigia hesabu zile dakika kumi na mbili, na suruali ya lastiki, na kifua kama kabati. Wateja walikuwa wanampigia kuulizia nguo zao, anazikata simu ili zisimzibie ramani.

Siku ya nne asubuhi, mkewe yuko bafuni, akaupekua mkoba tena. Safari hii akatoka na ufunguo. Mdogo, wa kufuli, si wa boza wala si wa nyumba yao. Na umefungwa uzi mwekundu ili usichanganyike na mwingine.

Uzi wenyewe ni wake! Aliutambua palepale, ni wa kile kibunda alichoshonea sare za kwaya. Yaani mke anachukua uzi wa mumewe, anafungia ufunguo wa mlango wa mwanamume mwingine. Baba Pacha alihisi kama amemeza pasi ya moto. Akautia ule ufunguo mfukoni. Mkewe akatoka bafuni, akavaa nyeusi yake, akabeba mkoba bila kuutazama.

"Kazi njema," Baba Pacha akasema.

"Na wewe, mume wangu," akajibiwa.

Mume wangu, akarudia moyoni. Leo utanijua.

Saa tatu na nusu akapanda pikipiki ya kukodi, futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mafundi ndivyo walivyo, wengine hulala nayo. Kilimani akashuka mbali kidogo, akaja kwa mguu. Ni kibanda cha mabati, matairi yamepangwa nje, na kibao kimeandikwa kwa mkono: KIFUA PANCHA NA UPEPO, na namba ya simu. Akakipiga picha kile kibao. Ushahidi. Kifua mwenyewe hayupo, amekimbilia lori lililokwama huko chini, ameacha mashine ya upepo inanguruma.

Baba Pacha akazunguka nyuma. Kuna kiuwanja kilichofagiliwa, na mwisho wa kiuwanja mlango mmoja, umepakwa rangi ya bluu, una kufuli. Chumba chao! Akaingiza ufunguo. Ukakubali. Akavuta pumzi, akausukuma mlango kwa nguvu kama polisi.

Choo.

Nakwambia choo, ndugu yangu! Choo kisafi, sakafu imesuguliwa, ndoo ya maji imejaa, kata, kipande cha sabuni, na misumari mitatu ukutani ya kutundikia mikoba. Dirisha dogo juu. Basi. Baba Pacha akasimama mle ndani anageuka geuka, anatafuta godoro. Akaangalia hata nyuma ya mlango. Joto la mabati likamshika, jasho likamwagika, akaivua futi shingoni akaitundika msumarini bila kufikiri, maana mikono ya fundi haijui kushika kitu bila kukitundika.

Alikuwa anajiuliza choo kinafungwa kufuli cha nini, mara akasikia breki za hewa. Pshhhh. Boza.

Angetoka, wangekutana uso kwa uso uwanjani. Kwa hiyo akafanya kile ambacho mpaka leo hajui kwa nini alikifanya. Akaufunga mlango, akasukuma komeo kwa ndani.

Viatu vikaja mbio. Si mwendo wa mtu anayeenda kwa mpenzi, hata Baba Pacha alilisikia hilo. Zilikuwa hatua fupi fupi, za mtu aliyebana magoti. Zikafika mlangoni. Mkoba ukapekuliwa, vitu vikaanguka chini.

"Uko wapi... uko wapi wewe ufunguo... Mungu wangu." Halafu akaona kufuli liko wazi. Akagonga. "Mwalimu? Ni wewe Mwalimu? Fanya haraka mwenzangu, leo sijiwezi."

Mwalimu ni mwanamke anayefundisha udereva, na yeye ana ufunguo wake. Lakini hilo Baba Pacha alikuwa halijui bado. Alijua tu kwamba mkono wake uko juu ya komeo na hausogei.

"Mwalimu, nakuomba. Nimetoka nyumbani saa kumi na moja sijaenda. Fungua jamani, fungua!"

Wewe unajiuliza, kwa nini hafungui? Afungue aseme nini? Mke wangu, karibu, nilikuja kukufumania? Akajisemea, nihesabu mpaka tatu nifungue. Akahesabu. Akaanza tena.

Sauti ya mwanamume ikaingia, nzito. "Dada, kuna nini?"

"Kuna mtu ndani, Kifua, hajibu. Na ufunguo wangu sijui umepotelea wapi."

"Nani humo?" Mlango ukapigwa, mabati yote yakalia. "Fungua!"

Baba Pacha akaganda kabisa. Sasa ni wawili.

"Twende ng'ambo kwenye jengo, dada."

"Kule kuna vibarua wanaume sitini, na choo hawana, wanaenda nyuma ya matofali. Nyie mnasimama kando ya tairi mnamaliza. Mimi nisimame wapi?" Sauti yake ikaanza kukatika. "Daktari amesema nisibane tena. Mkojo umeshachafuka mara ya tatu hii, amesema nikiendelea ugonjwa utapanda kwenye figo. Amesema ninywe maji. Ninywe vipi, Kifua? Nabeba maji ya watu kutwa nzima, nikinywa glasi moja tu nimekwisha."

"Umemwambia shemeji?"

Ndani ya choo, Baba Pacha alisogeza sikio mlangoni.

"Nimwambieje? Kwamba mkewe anajikojolea kama mtoto? Alishaniambia, siku kazi ikiniletea ugonjwa niiache. Na yule akishasema, hageuki. Nikae nyumbani niangalie ukuta? Nitamwambia nikipona."

"Utapona huku unaficha?"

"Kifua, basi." Sauti ikabadilika. "Basi tena. Geuka. Geuka huko, nakuomba."

Baba Pacha akasikia viatu vizito vikigeuka, vikienda mbali haraka. Kisha akasikia kitu ambacho mume hapaswi kukisikia akiwa upande wa pili wa mlango. Maji yakitiririka kwenye mchanga, na mkewe akilia polepole, akiwa ameziba mdomo.

Nyeusi, ili isionekane. Lastiki, ili awahi. Alizishona yeye mwenyewe tatu, na kuzipiga pasi.

Kifua akarudi, akaweka ndoo chini kwa mbali. "Maji haya hapa, dada. Na shuka langu hili, kalia, kiti kisilowe. Mimi niko mbele, simwoni mtu." Akaondoka bila kuongeza neno.

Na hapa ndipo utashangaa. Ungedhani wivu umemwisha Baba Pacha. Haukuisha! Ulivua nguo moja ukavaa nyingine. Sasa alimwonea wivu yule mwanamume kwa sababu ya kugeuka. Kwa sababu aliombwa ageuke, akageuka. Kwa sababu maneno daktari, figo, na nikinywa glasi moja, aliyasikia Kifua kabla yake. Vidonge vile Kifua alivijua ni vya nini. Chai ile iliyoachwa, Kifua alijua imeachwa kwa nini. Yeye mwenye mke alikuwa na kidoa cha bluu tu kwenye simu.

Boza likanguruma, likashuka kilima. Ndipo mlango ukapigwa mara moja.

"Toka, wewe."

Akavuta komeo. Kifua amesimama na spana ya magurudumu mkononi, kifua kweli kama kabati, kumbe uso ni wa mtu mpole, aliyechoka. Akamtazama Baba Pacha, akatazama kufuli, akatazama ufunguo wenye uzi mwekundu. Spana ikashuka taratibu.

"Wewe ndiye shemeji."

Baba Pacha akakubali kwa kichwa.

"Ulikuwa humo muda wote."

Akakubali tena.

Kifua akasonya, sonyo refu sana. "Dada yangu wa damu aliendesha lori miaka minane. Kubana, kubana, kubana. Leo anatembea na mpira wa mkojo ubavuni na mfuko wake. Ndiyo maana nikajenga hiki. Wanawake watatu wanaopita hapa nimewapa funguo, wa nne akija nitachonga mwingine. Kufuli ni kwa ajili ya vibarua, wasiwachafulie." Akanyoosha mkono. "Nipe huo ufunguo."

Akampa.

"Kesho nitamwambia umeokotwa. Hapo naishia. Mimi si mtu wa kuvunja nyumba za watu, ila na kuzijenga sijui, mimi naziba pancha. Mengine ni yako, shemeji. Nenda."

Akaenda. Alitembea mpaka nyumbani kwa mguu, hakukumbuka hata kukodi pikipiki.

Mama Pacha aliomba ruhusa kazini, akarudi hata saa nane haijafika. Bafuni, kama kawaida. Akafua. Halafu badala ya kwenda kulala, akavuta kigoda, akakaa mbele ya cherehani. Pacha walikuwa nje wanacheza.

"Baba Pacha, zima hiyo mashine. Nina neno."

Akazima. Na mkewe akamwambia yote. Yote! Maumivu, vidonge, daktari, usiku anavyotoka na simu kwa ajili ya mwanga wa kwenda chooni, na kwa nini aligeukia ukuta. "Kunauma kama kuchomwa. Si wewe, mume wangu. Usifikirie ni wewe. Na kama utasema niache kazi, nitaacha. Nimechoka kuficha."

Baba Pacha akaishika mikono yake. "Nani amesema uache? Tutatafuta namna. Utakunywa maji. Nitaongea na bosi wako mimi mwenyewe." Na alimaanisha, wallahi alimaanisha. Machozi yalimtoka. Mama Pacha naye akacheka kidogo, ule mwanya ukaonekana, kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili. Akaomba chai. Wakanywa kikombe kimoja, wanapokezana.

Ingeishia hapa ningekuaga ukalale. Haikuishia.

"Unajua kilichonifanya niseme leo?" Mama Pacha akauliza, akiweka kikombe chini. "Kuna shetani alikuwa mle chooni. Kanisikia naomba, kanisikia nalia, na hakufungua. Kifua kanipigia simu, anasema alikuwa mwizi, kakimbia. Mimi nasema mwizi angefungua. Mwizi ana mama. Yule mtu nikimjua, Baba Pacha, hata awe nani, simsamehe mpaka naingia kaburini."

"Hata awe nani?"

"Hata awe nani." Akamtazama vizuri, akakunja uso kidogo, kama mtu anayeona picha imening'inizwa upande. "Leo una nini shingoni? Mbona huna futi yako?"

Mkono wa Baba Pacha ukapanda shingoni wenyewe. Patupu.

Futi iko kilimani. Iko msumarini, nyuma ya mlango wa bluu. Ya njano, imeungua na pasi kwenye inchi ya ishirini na nane, hakuna nyingine kama hiyo duniani, na mwenye kuijua kuliko wote ni mwanamke ambaye kesho saa nne ataingia mle na kutundika mkoba wake palepale.

"Iko... iko hapa hapa," akasema. "Imeangukia nyuma ya mashine."

"Ngoja nikutafutie," Mama Pacha akasema, akapiga magoti, akaanza kupapasa chini ya cherehani, mgongo wake ukiwa pale pale mbele ya macho ya mumewe.

Na simu iko mapajani. Na kwenye simu kuna picha ya kibao: KIFUA PANCHA NA UPEPO, namba inasomeka vizuri kabisa. Ujumbe mmoja tu, shemeji niondolee futi yangu msumarini, na hakuna atakayejua milele. Kidole gumba cha Baba Pacha kiko juu ya ile namba.

"Huku haipo," sauti ya mkewe ikatoka chini ya cherehani. "Una uhakika uliiangushia hapa?"

Sasa niambie wewe, na usinidanganye. Mke amemrudia kwa kila kitu, ila hicho kimoja kaapa hasamehe, na kikombe cha chai bado kina joto. Ungekuwa wewe, ungebonyeza, au safari hii ungefungua mlango?